Stendi ya Pikipiki Haiokwi Jikoni

Tazama stendi ya pembeni ya bodaboda yoyote iliyofanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja kwa misimu miwili ya mvua. Rangi ya kiwandani imeng'oka pale kiatu cha dereva kinapogusa, kutu imeingia kwenye maungio ya kuchomelea, na keria ya nyuma imeanza kuacha alama za kahawia kwenye nguo za abiria. Dawa yake inajulikana: msasa wa dakika tano, kopo la rangi nyeusi ya kupuliza kutoka duka la vipuri, jua la mchana, na jioni pikipiki inarudi kijiweni inang'aa. Masika yakifika, kutu inachungulia tena palepale.

Wapo wanaoamua kuachana na kopo. Wameona video, wameona bunduki ndogo ya rangi ya unga ikiuzwa mtandaoni, wakakumbuka kwamba jikoni kuna oveni, na hesabu ikakamilika kichwani. Makala haya ni kwa ajili yao. Kazi hii inawezekana nyumbani, na ikifanywa vizuri inaipita kwa mbali rangi ya kopo. Ila video nyingi huanzia pale bunduki inapowashwa, na kufika hapo kazi kubwa huwa imeshapita.

Rangi ya unga umeigusa leo, labda bila kujua. Iko kwenye ubavu wa friji, kwenye mashine ya kufulia, kwenye fremu za madirisha ya alumini yaliyojaa mijini, kwenye miguu ya viti vya ofisini. Ni resini ya plastiki iliyochanganywa na rangi na kigumishi, kisha ikasagwa laini. Unga unapotoka mdomoni mwa bunduki hupewa chaji ya umeme; chuma kimefungwa kwenye waya wa ethi; unga unavutwa na kunata juu yake. Kisha chuma kinaingia kwenye oveni yenye nyuzi joto 180 hadi 200 za Selsiasi. Humo unga unayeyuka, unatambaa, halafu molekuli zake zinafungana kuwa ganda moja lenye unene wa mikroni 60 hadi 80. Likishafungana halirudi nyuma, kama yai lililochemshwa ambalo hata ulipashe moto tena haliwi bichi. Ndiyo sababu petroli inayomwagika wakati wa kujaza tangi, ambayo hulainisha rangi ya kopo, hailitishi ganda hili.

Ufundi huu si wa jana. Mjerumani Erwin Gemmer ndiye aliyeuanzisha kwa sura ya kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa kuchovya chuma cha moto ndani ya pipa la unga unaochezeshwa na hewa. Bunduki za umeme zilifuata katika miaka ya 1960. Kwa miaka mingi ilibaki kazi ya viwanda, kwa sababu ya oveni zaidi ya bunduki.

Tofauti yake na rangi ya majimaji ambayo mwenye pikipiki anapaswa kuielewa kabla ya kutoa pesa ni hii: unga hauna huruma na uchafu. Rangi ya kopo hukubali kukaa juu ya vumbi, juu ya kutu nyepesi, hata juu ya alama za vidole, na hukaa hapo wiki kadhaa ikikudanganya. Ukioka chuma chenye mafuta kwa nyuzi 200, mafuta hayo yanachemka, yanatoka, na yanapasua rangi ikiwa bado laini. Jibu unalipata siku hiyohiyo, mlango wa oveni unapofunguliwa.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kufungua kila kitu. Beringi zitoke, bushi za mpira zitoke, sili zitoke, stika zitoke. Mpira uliosahaulika ndani ya chuma utaungua na kutoa moshi mchafu utakaotua kwenye rangi mpya. Kisha grisi. Gereji nyingi huosha vyuma kwa petroli au mafuta ya taa kwa sababu ndivyo vilivyo karibu. Mafuta ya taa huondoa grisi na kuacha utando wake yenyewe. Petroli kwenye beseni uani, hatua chache kutoka jiko la mkaa, ni janga linalosubiri cheche. Maji ya moto na sabuni kali ya kuondoa mafuta, brashi, kusuuza sana, kukausha, halafu asetoni kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia: huo ndio mwendo. Kostiki soda ni msaada mkubwa kwenye chuma cha kawaida, ukiwa na glavu na miwani. Kwenye alumini usithubutu, kwa maana inaitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Rangi ya zamani nayo yote ishuke. Brashi ya waya kwenye grainda inafanya kazi kwenye stendi na keria, lakini huwa inalainisha uso, na unga unahitaji uso wenye mikwaruzo midogo ili ushike. Njia bora ni kupiga mchanga kwa upepo wa kompresa, na hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza bila kujua. Mchanga wa kawaida una silika. Ukipasuka kwenye chuma hutoa vumbi lisiloonekana, linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Uingereza ilipiga marufuku kutumia mchanga wa silika katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Sisi bado tunawaona vijana wakiupiga kando ya barabara wamefunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii chochote hapo. Inatumika oksidi ya alumini au chembe za kioo, ndani ya kasha lililofungwa, na barakoa yenye vichujio halisi. Kwa wa pwani kuna sababu ya pili: mchanga wa ufukweni una chumvi, nawe utakuwa umeipigilia chumvi hiyo kwenye chuma unachotaka kukiokoa na kutu.

Chuma kikishapigwa mchanga, kisiguswe kwa mkono mtupu. Na kisilale hivyo. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam, chuma kilichokuwa cheupe asubuhi kinaweza kuonyesha wekundu jioni.

Mifuniko ya injini ina hatua ya ziada. Alumini ya kumimina ina vinyweleo, na vinyweleo hivyo vimekunywa oili kwa miaka yote ambayo pikipiki imekuwa barabarani. Asetoni haifiki huko. Mfuniko unaingizwa kwenye oveni ukiwa mtupu, kwa joto lililozidi kidogo lile la kuokea rangi, mpaka uache kutoa moshi; unatolewa, unafutwa, na ikibidi unarudishwa. Anayeruka hatua hii hupata mfuniko wenye vipovu na vitundu, na kuondoa ganda lililokwisha kuiva ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Halafu kuziba. Tepi ya karatasi ya wapaka rangi inaungua. Zinazofaa ni tepi za poliesta zinazohimili joto hilo na vizibo vya silikoni kwa matundu. Hapa umakini unahitajika zaidi ya ustadi. Nyuzi za bolti zizibwe, makao ya beringi yazibwe, na pale chuma kinapobanana na chuma kwa nguvu, kwenye ekseli au sehemu inaposhikiliwa breki, pasipakwe kabisa. Sababu ni kwamba ganda la rangi likibanwa na bolti hujipanga upya taratibu kutokana na mtikisiko, bolti ikalegea ilhali uliikaza mwenyewe. Pia kuna jambo linalowasumbua wengi wakishafunga pikipiki yao nzuri: taa zinafifia, honi haitoi sauti, stata haigeuzi. Umeme wa pikipiki hurudi kwenye betri kupitia fremu, na rangi ya unga haipitishi umeme. Sehemu ya waya wa ethi iachwe wazi mpaka chuma kionekane.

Kuhusu unga wenyewe, kuna aina mbili za kukumbuka. Epoksi hushika chuma sana na kuzuia kutu vizuri, lakini jua huigeuza kuwa chaki. Poliesta huvumilia jua. Kwa pikipiki inayolala nje, poliesta ndiyo ya juu. Ukiweza, tanguliza koti la epoksi yenye zinki chini yake. Viwandani unga huuzwa kwa masanduku ya kilo 20 au 25, na hutahitaji hata robo yake. Kilo moja kwa hesabu ya karatasi inafunika mita 9 za mraba hivi kwa unene wa mikroni 70. Nyumbani nyingi itaishia sakafuni, na bado itatosha kwa vikanyagio, stendi na keria. Karakana inayopaka alumini ya madirisha inaweza kuwa na mabaki ya sanduku inayotaka kuyauza. Uliza namba ya RAL, ule mpangilio wa rangi ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1927 ukiwa na rangi 40 tu. Nyeusi ya kawaida ni RAL 9005. Uliza pia umekaa muda gani na wapi. Unga uliohifadhiwa chini ya bati la moto hushikana mabonge, na mabonge hayo yatatua kwenye kazi yako.

Kupuliza ndiyo sehemu ya kufurahisha, na ndiyo fupi. Upepo wa kompresa uwe mdogo, paundi 10 hivi, chini ya nusu ya ule unaojaza kwenye tairi ya nyuma, tena upite kwenye chujio la kuondoa maji. Klipu ya ethi ishike chuma kitupu, au ndoano ya waya inayokining'iniza. Anza na pembe za ndani. Umeme hukimbilia kingo na sehemu zilizojitokeza, hivyo unga hukataa kuingia kwenye kona za maungio. Ukianza na uso wa mbele utajaza mbele na kuacha kona nyekundu za kutu ya kesho. Bunduki ikiwa na kirekebisho cha volti, shusha volti ukiwa kwenye kona. Usipende kuongeza. Unga ukizidi, chaji iliyokwisha kukaa juu ya chuma huufukuza ule unaokuja, na uso unabaki na vinundu. Ukikosea hapa hakuna hasara: puliza unga wote kwa upepo mtupu, uanze tena. Rangi ya majimaji haikupi nafasi hiyo.

Unga ukiwa hewani kwa wingi, ndani ya chumba kilichofungwa, unaweza kulipuka ukipata cheche au moto. Kwa hiyo kazi ifanyike penye hewa, bila jiko la mkaa, bila sigara, bila feni ya zamani inayotoa cheche, na usifyonze unga kwa mashine ya kawaida ya kusafishia zulia. Vaa barakoa ya vichujio. Baadhi ya poliesta zina kigumishi kiitwacho TGIC, ambacho Ulaya huwekewa alama ya sumu. Tafuta zisizo nacho. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asishike bunduki hii wala asisimame karibu.

Sasa oveni. Oveni ya gesi haitumiki. Hakuna namna ya kuipunguzia hatari, kwa sababu moto uko wazi ndani ya kasha unamoingiza chuma kilichojaa unga unaowaka. Itumike ya umeme, na ikishatumika kwa kazi hii siku moja isirudi kamwe kupika chakula; mvuke wa resini na vumbi lake hubaki kwenye kuta na kwenye feni. Najua nyumba ambamo oveni ya keki ndiyo duka la mama mwenye nyumba. Mwenye pikipiki anayeingia humo na stendi yake amekula mtaji wa mwenzake, na wateja wa keki hawajui wanachokula. Nunua ya mtumba, iwekwe barazani au kwenye banda, ichomekwe moja kwa moja ukutani. Oveni hizi hula kilowati 2 hadi 3. Waya mwembamba wa ekstensheni utapata joto kabla ya chuma chako.

Muda wa kuoka umeandikwa kwenye sanduku, kwa mfano dakika 10 kwa nyuzi 200. Dakika hizo zinahesabiwa tangu chuma chenyewe kifike nyuzi 200. Hewa ya ndani hufika mapema sana, na bati jembamba la kushikia taa hulifuata upesi. Kikanyagio kinene cha chuma kigumu kinaweza kuchukua muda mrefu zaidi ya ule wa kuoka. Namba zilizochorwa kwenye kitufe cha oveni ya nyumbani usiziamini. Kipimajoto cha waya kilichofungwa kwenye chuma kinasema kweli. Kile cha kulenga kwa mwanga hudanganywa na chuma kinachong'aa. Umeme ukikatika katikati, acha mlango umefungwa, na ukirudi uhesabu upya baada ya chuma kufikia joto lake. Rangi isiyoiva huonekana nzuri, kisha humeguka kwa teke la kwanza. Ijaribu ikishapoa: sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye asetoni. Rangi ikihamia kwa wingi kwenye kitambaa, irudi motoni. Iliyozidi kuiva hugeuka njano, na nyeupe ndiyo huonyesha haraka.

Kuna vitu ambavyo havikaribii oveni. Shokapu ina oili, na nyingine zina gesi yenye mgandamizo. Ukiipasha moto umetengeneza bomu. Tangi la mafuta hubaki na mvuke wa petroli muda mrefu baada ya kukauka, na kama liliwahi kunyooshwa kwa puti, puti hiyo haitavumilia nyuzi 200. Chuma kilichopakwa kromu kisisuguliwe wala kupigwa mchanga nyumbani, kwa kuwa vumbi lake linaweza kuwa sumu. Ekzosi inataka unga wake maalumu wa joto kubwa. Huu wa kawaida utaungua kwa safari ya kwanza. Na rimu za aloi, ambazo ndizo kila kijana anataka kuanza nazo, mimi nasema hapana. Kwanza hazienei kwenye oveni ya nyumbani. Pili, nguvu ya aloi nyingi za alumini imetokana na kutiwa joto kwa kipimo kiwandani, na kukaa muda mrefu kwenye nyuzi 200 au zaidi kunaweza kuipunguza. Karakana yenye oveni inayodhibitiwa inajua mpaka wake. Oveni ya mtumba yenye kitufe kilicholegea haijui, na rimu inayopasuka hupasuka ikiwa na abiria.

Hata ikifanikiwa, rangi hii si ya milele. Kreti la soda likiburuzwa kwenye keria litaacha jeraha siku moja, na chumvi ya pwani itaingia hapo na kutembea chini ya ganda kimyakimya, huku juu kukiwa kuzuri. Jeraha lisafishwe na kufunikwa mapema kwa praima na rangi ya brashi, hata kama litaonekana kiraka. Anayetaka pikipiki isiyo na kiraka asiwape watu lifti.

Je, inalipa? Kwa mwenye bodaboda moja anayetaka stendi na keria vipendeze tu, kununua kompresa, bunduki, oveni, barakoa na kipimajoto ni gharama isiyorudi, avipeleke karakana. Kwa fundi mwenye kompresa tayari na uwanja wenye hewa, au kikundi cha madereva wa kijiwe kimoja wanaoweza kuchangia, hesabu inabadilika, kwa sababu vikanyagio, stendi, keria, mifuniko ya injini na vishikio vya taa vya pikipiki nyingi hupita kwenye oveni hiyohiyo. Fremu hata wao waipeleke kwenye oveni kubwa, wakiwa wameifungua na kuisafisha wenyewe. Na kabla fremu haijatoka mikononi mwako, piga picha namba ya chesesi iliyogongwa juu yake, umwambie fundi aizibe kwa tepi na kuilinda isipigwe mchanga. Namba iliyozama chini ya rangi itakusumbua siku ya kuhamisha umiliki.